Punda akifunga choo: dalili, tiba na kinga

Punda hatapiki. Naanza na hilo kwa sababu mengi yanayofuata yatokana nalo. Paka akila kibaya hukirudisha kwa mdomo, na mbwa vivyo hivyo. Punda akimeza amemeza. Kilichopita kooni kina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ni ndefu, ina kona nyingi, na mahali pengine hubana ghafla. Kitu kikinasa huko, choo hufunga, na punda aliyefunga choo asipotazamwa mapema hufa.

Mimi ni mtu wa punda. Kwetu Langoni tumefuga tangu zama za babu, na hadi leo nina wanne wanaobeba mchanga, mawe na saruji kwa mafundi wa mji. Haya nimeyapata kwa kushika vichwa vya punda, wangu na wa majirani, daktari akiwa kazini, na kwa kumuuliza maswali kila anapomaliza kunawa mikono. Makala haya si badala ya daktari. Nayaandika ili umwite siku ya kwanza badala ya siku ya tatu.

Tumbo la punda lilivyo

Punda ameumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku. Mfuko wake wa tumbo ni mdogo ukilinganisha na mwili wake, na chakula hakikai hapo sana. Kazi kubwa hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu huvunja nyasi kavu na kuzigeuza nguvu. Ndiyo maana punda huishi kwa majani makavu ambayo mnyama mwingine angekonda nayo.

Utumbo huo mpana umekunjwa ndani ya tumbo kama bomba refu lililotiwa kwenye kikapu kidogo. Upande wa kushoto, karibu na nyonga, una kona kali, na hapo hapo kwenye kona bomba hupungua upana. Chakula kikavu hunasa hapo mara nyingi kuliko mahali pengine, na daktari akiingiza mkono kwa njia ya nyuma, ndipo anapopapasa mapema. Kibaya zaidi ni kwamba utumbo hauachi kunyonya maji hata kikiwa kimenasa. Kila saa inayopita donge huwa kavu zaidi na gumu zaidi. Donge ambalo Jumatatu lingelainishwa kwa maji, Jumatano huwa kama udongo uliokauka juani.

Vinavyoziba

Kinachoziba sana ni chakula chenyewe kikiwa kikavu na maji yakiwa haba. Punda mzima huhitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, kutegemea joto na kazi. Wangapi tunampa kiasi hicho? Punda anayepanda na mchanga kutoka ufukweni mara ishirini, akanyweshwa ndoo moja jioni, na ndoo yenyewe ya maji ya chumvichumvi ambayo hakuyamaliza, huyo ana deni mwilini. Mwili huyalipa kwa kuyachukua matumboni. Wakati wa kaskazi, nyasi zikiwa zimebaki vijiti vitupu, hatari huzidi.

La pili ni meno, nalo wengi hatuliangalii kwa sababu halionekani. Meno ya punda huendelea kuchomoza maisha yake yote na husagana kwa kutafuna. Yasiposagana sawasawa, kingo hubaki na ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Punda akiumia mdomoni hatafuni vizuri, humeza majani marefu mazima. Utamjua kwa mambo mawili: hutema vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, na kinyesi chake kina nyuzi ndefu za nyasi. Punda mzee anayefunga choo mara kwa mara, mwangalie mdomo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kisha plastiki. Hapa nataka kukaa kidogo.

Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Ilisaidia, na anayesema haikusaidia amesahau jinsi mitaro yetu ilivyokuwa. Lakini sheria ile haikugusa mfuko wa mkate, wala pakiti ya krispi, wala nyuzi za magunia, wala kamba za nailoni za nyavu, wala pampasi za watoto. Vyote hivyo viko kwenye jaa, na vingine huletwa na bahari yenyewe kutoka tusikokujua. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki kuukuu na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019, lilipata malighafi yake kwenye takataka za namna hiyo. Punda wetu nao hupata chakula chao humo humo.

Husemwa kwamba punda wa Amu ameshazoea, hula plastiki na hadhuriki. Nimeyasikia maneno haya barazani tangu utoto na siyakubali. Punda hali plastiki kwa kuipenda. Hula mfuko uliofungwa fundo na ndani yake mna ukoko wa wali, au karatasi yenye mafuta ya viazi karai, kwa sababu chumvi na harufu vimemwita na hana mikono ya kufungua fundo. Mfuko mmoja huenda ukapita. Wa kumi hukutana na kamba, kamba hushika nyasi, na taratibu, pengine kwa miaka, huviringika donge. Huyo punda anayeonekana hadhuriki ni yule ambaye donge lake bado halijafika kwenye kona.

Punda mmoja wa jirani yangu alikufa baada ya siku tatu za kusimama kichwa chini. Alipopasuliwa lilitoka donge kubwa kuliko dafu, limesokotwa kwa kamba za buluu za wavuvi. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa mkate ambao maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka.

Mchanga nao huziba, hasa kwa wanaowamwagia chakula chini. Kuupima ni rahisi na hakuna gharama. Chukua vidonge vichache vya kinyesi kibichi, vile vya juu visivyogusa ardhi, utie kwenye chupa ya kioo pamoja na maji, utikise, kisha uache kitulie. Nyasi zitaelea au kubaki katikati. Ukiona tabaka la mchanga chini ya chupa, punda wako anakula ufuo.

Kwa watoto wa punda kuna minyoo, ile mirefu myeupe. Mtoto aliyejaa minyoo akipewa dawa kali ghafla, minyoo hufa kwa pamoja na kuziba utumbo mwembamba. Mtoto mwenye tumbo kubwa na manyoya yaliyosimama asipewe dawa ya dukani kabla daktari hajamwona.

Dalili: punda ni msiri

Farasi akiumwa tumbo mji mzima hujua. Hujitupa, hugaagaa, hupiga tumbo kwa mguu, hutoka jasho. Punda hafanyi hivyo. Punda huumwa kimya, na akifika kugaagaa kwa maumivu mara nyingi mambo yameshaharibika. Ukisoma vitabu vya farasi ukamngoja punda aonyeshe dalili za farasi, utamzika.

Dalili za punda ni ndogo. Husimama peke yake, masikio yameanguka, hamfuati mwenzake. Hulala chini saa ambazo si za kulala. Hugeuza shingo kuangalia ubavu wake. Huacha chakula, na hapa kuna hila: wapo wanaotia mdomo kwenye majani na kuyachezea, ukidhani wanakula, kumbe hawamezi. Simama umtazame dakika chache, na uangalie kama chakula kimepungua.

Kinachosema kweli kuliko vyote ni kinyesi. Mwenye punda anapaswa kujua mavi ya punda wake kama mama anavyojua ya mwanawe. Punda mzima hunya mara kadhaa mchana na usiku, vidonge vyenye unyevu vinavyovunjika vikianguka. Vikianza kuwa vidogo, vigumu, vyeusi, vimepakwa utando kama wa kamasi, hiyo ni onyo. Visipotoka kabisa tangu jana, ni dharura. Na usidanganywe na maji maji machache yanayotoka: wakati mwingine majimaji hupenya pembeni ya donge, mwenye punda akadhani anaharisha na kumpa dawa ya kufunga choo kilichokwisha kufunga.

Kama una mkono mtulivu unaweza kupima zaidi. Inua mdomo wake uangalie ufizi: uwe wa waridi na wenye mate. Ubonyeze kwa kidole hadi ugeuke mweupe, kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mkavu, uliofifia au wenye rangi ya zambarau ni habari mbaya. Mapigo ya moyo ya punda mzima aliyepumzika ni kati ya 36 na 52 kwa dakika. Utayapata kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Joto la mwili ni nyuzi 36.5 hadi 37.8, ingawa punda aliyetoka juani huweza kuzidi kidogo. Mwisho weka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu, pande zote mbili. Tumbo zima huunguruma. Tumbo lililonyamaza kimya ni la kuogopa.

Kuna jambo jingine linalofanana na hili lakini si hili: kupaliwa, yaani chakula kunasa kooni. Hutokea kwa pumba kavu, magunzi, au kokwa la embe. Punda hunyoosha shingo, hukohoa, na chakula chenye mate hutoka puani. Ondoa chakula na maji yote, mtulize, umwite daktari. Mara nyingi huachia wenyewe. Usimsukumie kitu kooni.

Kabla daktari hajafika

Mshushe mzigo na shogi, umtoe juani. Ondoa chakula chote, acha maji safi karibu yake. Akitaka kujitupa chini kwa nguvu, mtembeze polepole mahali pa mchanga laini. Akitaka kusimama mwache asimame. Mlete rafiki yake karibu. Punda wana marafiki, na anayetenganishwa na mwenzake huacha kula kwa huzuni tu, hata asiyeumwa. Halafu kumbuka vitu ambavyo daktari atakuuliza: amekunya lini mara ya mwisho, amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, umri wake, na kama ni jike, ana mimba?

Usimmiminie mafuta kwa chupa. Naam, najua wazee walifanya hivyo, na wapo waliopona. Lakini punda akiinuliwa kichwa na kumiminiwa mafuta ya nazi au ya uto, sehemu huingia mapafuni, na mapafu yenye mafuta hayana dawa ya maana. Daktari hutoa mafuta, lakini kwa mpira unaopita puani hadi tumboni, baada ya kuhakikisha haukuingia njia ya pumzi.

Usimkimbize ili "alegee", usimpande juu, usimchome kwa moto tumboni. Usimpe vidonge vya maumivu vya watu. Figo za mnyama aliyekaukiwa maji haziwezi kuvibeba. Na isabgoli, ambayo tunaijua madukani na wengine tunainywa Ramadhani, usiitumie kwa kubahatisha. Ni kweli hutumika kusaidia kuondoa mchanga tumboni, lakini hufanya kazi kwa kuvimba ndani ya maji. Punda asiyekunywa ukimtilia isabgoli, umemwongezea donge juu ya donge. Mwachie daktari aamue lini na kiasi gani.

Daktari atakachofanya

Kwanza atamdunga sindano ya maumivu, kwa sababu utumbo wenye maumivu hausogei. Atapima, na punda akiwa mkubwa wa kutosha atavaa glavu ndefu na kuingiza mkono nyuma kupapasa donge liko wapi na ni gumu kiasi gani. Hilo punda halipendi, na kazi ya mwenyewe ni kushika kichwa na kusema naye. Kisha atapitisha mpira puani. Kupitia mpira huo atajua kama tumbo limejaa maji yaliyorudi nyuma, ambayo ni lazima yatolewe, na kama njia ni salama atatia maji yenye chumvi maalumu, mafuta ya parafini au chumvi ya kulainisha. Aliyekaukiwa sana hutiwa maji kwa mshipa.

Donge la nyasi kavu likiwahiwa, mara nyingi huachia kwa njia hii, ingawa huenda ikachukua siku kadhaa na kurudiwa. Donge la plastiki ni jambo jingine. Mafuta hayalainishi nailoni. Dawa yake ya kweli ni upasuaji wa kufungua tumbo, ambao kwa punda ni mgumu, ghali, na huhitaji chumba na vifaa ambavyo kwenye visiwa vyetu havipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo itafika siku daktari akakwambia mnyama anateseka bila tumaini, na akapendekeza sindano ya kumpumzisha. Usimkasirikie. Mimi nimekubali mara moja, na naona afadhali hivyo kuliko kumfunga chini ya mwembe afe kwa siku nne.

Kuna hatari moja ambayo watu wa punda wengi hawajaisikia. Punda akikaa bila kula siku mbili tatu, kwa sababu yoyote ile, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu. Damu hujaa mafuta, ini na figo hushindwa, na punda hufa hata kama donge limeshatoka. Wanene na majike wenye mimba ndio walio hatarini zaidi. Ndiyo sababu daktari, baada ya choo kufunguka, husisitiza ale: majani mabichi laini, kidogo kidogo, mara nyingi, na pumba zilizolowa maji. Asirudishwe kazini hadi kinyesi kiwe cha kawaida siku kadhaa mfululizo na daktari aridhike. Fundi atangoja mchanga wake.

Hapa mjini Amu hatuna udhuru wa kuchelewa. Shirika la The Donkey Sanctuary kutoka Uingereza lilifungua kituo cha punda hapa mwaka 1987, na matibabu hayalipishwi. Walio Pate, Siyu, Faza au bara wahesabu na muda wa boti: kwao kusubiri "tuone kesho" kuna gharama zaidi kuliko kwetu.

Kumkinga

Maji kwanza. Mnyweshe asubuhi kabla ya mzigo, katikati ya kazi, na jioni, na usiku pawe na ndoo anayoifikia. Ndoo ioshwe, punda ana kinyaa kuliko tunavyomdhania, na maji yenye harufu huyaacha hata akiwa na kiu. Pumba zilowekwe. Mabadiliko ya chakula yaende polepole, hasa masika inapoanza na nyasi mbichi kutokea baada ya miezi ya vijiti. Chakula kiwekwe kwenye karai au pipa lililokatwa, si juu ya mchanga. Meno yaangaliwe kila mwaka, na kwa punda wazee mara mbili, yapigwe tupa na mtu anayejua.

Kuhusu jaa nina maneno mawili. Sisi wenye punda tuna desturi ya kumwachia huru jioni ajitafutie, kwa hoja kwamba amefanya kazi na sasa ni wakati wake. Hajitafutii nyasi, kwa kuwa mjini hakuna nyasi. Anajitafutia mifuko. Mzigo mmoja wa majani kwa usiku una bei, lakini punda mpya ana bei kubwa zaidi, na siku unazomtafuta hakuna anayekulipa. Mlishe ashibe ndipo umfungue, au mweke uani hadi asubuhi. Punda aliyeshiba huenda kusimama na wenzake ukutani. Mwenye njaa huenda jaani.

Neno la pili ni kwa majumba yote, wenye punda na wasio nao. Mabaki ya chakula yasifungwe ndani ya mfuko. Yamwage kwenye ndoo au sahani mbovu uwape kuku na mbuzi, na mfuko utupwe peke yake, umekung'utwa, hauna harufu. Mfuko usio na harufu punda huupita. Na majaa yetu yazungushiwe ua. Hata ukuta wa makuti wenye mlango unaofungika watosha kumzuia punda, maana si mbuzi, haruki. Mitaa miwili mitatu ikichangishana hilo halihitaji kungoja bajeti ya mtu.